Kisiwa Ndani ya Sentensi

Bandarini Moba, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, samaki wanaposhuka asubuhi, bei haitajwi kwa Kiswahili kitupu. "Mama, huyu mukebuka ni ngapi?" "Trois mille cinq cents, papa, lakini leta trois mille." Mpangilio wa sentensi ni wa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kitenzi ni cha Kiswahili, na namba ni ya Kifaransa. Hakuna anayeshtuka. Namba ya simu, saa, tarehe ya kufika kwa meli, vyote husemwa hivyo kuanzia Uvira hadi Lubumbashi, na mtoto hujifunza kuchanganya hivyo kabla hajaketi darasani.

Vincent de Rooij aliuchunguza mchanganyiko huu wa Kifaransa na Kiswahili huko Lubumbashi na kutoa kitabu mwaka 1996. Miaka mitatu kabla yake, Carol Myers-Scotton alikuwa amechapisha nadharia iliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya mazungumzo ya watu wa Nairobi. Alisema kwamba watu wanapochanganya lugha mbili, moja huwa mwenyeji: ndiyo inayopanga maneno na kutoa viungo vidogo vinavyoshika sentensi isianguke. Nyingine huingia kama mgeni, na huingia kwa njia mbili. Kuna neno moja linalovishwa viambishi vya mwenyeji likatembea kama mwenyeji. Halafu kuna kipande kizima kinachobaki na sarufi yake yote kwa ndani, na hicho Myers-Scotton alikiita kisiwa. "Trois mille cinq cents" ni kisiwa. Ukikivunja na kuweka kila tarakimu mahali ambapo Kiswahili kingeiweka, hutapata bei yoyote.

Wataalamu wa isimu wamebishana naye sana, na wana haki yao. Lakini mimi ninayeandika programu za kompyuta sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo kuhusu kazi ninayoipenda: kupachika lugha ya safu ndani ya programu iliyoandikwa kwa lugha nyingine.

Lugha ya safu ni lugha ambayo jina moja hubeba namba elfu au milioni, na kitendo kimoja huzigusa zote kwa pamoja. Haisemi "chukua ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu." Inasema "jumlisha," na jumla inatoka. Kwa mtu anayekaa Moba, mfano hauko mbali, uko mbele ya mlango. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi, na kina kinachofika mita 1,470. Ukikata uso wake katika miraba ya kilomita moja kwa moja, kisha ukakata maji kwenda chini katika matabaka 30, unakaribia vyumba milioni moja. Kila chumba kipe namba moja, joto la maji. Kila namba inachukua baiti 8, kwa hiyo ziwa zima kwa wakati mmoja ni kama megabaiti 8, kitu ambacho simu ya kawaida hukibeba bila kulalamika.

Joto hilo linatuhusu kuliko tunavyodhani. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini, yaliyo baridi na yenye rutuba, hupanda. Upepo ukilegea, mpaka kati ya maji ya moto na ya baridi hurudi, unapita kiasi, unarudi tena, na kuyumba huko huendelea kwa vipindi vya wiki tatu hadi nne. Jaya Naithani, Eric Deleersnijder na wenzao wa Ubelgiji waliuchambua mwendo huo mwaka 2003, na mwaka 2018 Philippe Delandmeter na timu ya Louvain-la-Neuve waliuiga upya kwa modeli yao. (Wao hulikata ziwa kwa pembetatu ili kufuata pwani vizuri, nimechukua miraba hapa kwa sababu ni rahisi kuieleza.) Mwaka huohuo wa 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba ziwa linavyopata joto, matabaka yake yanakataa kuchanganyika kwa ukaidi zaidi, rutuba ya chini haipandi kama zamani, na chakula cha samaki kinapungua. Dagaa na mikebuka wanaoshushwa Moba, Kalemie, Kigoma na Mpulungu wanategemea kupanda na kushuka huko ambako jicho haliwezi kukuona.

Sasa tuseme kijana wa Moba anaandika programu kwa Python, lugha anayoweza kujifundisha mwenyewe kwa simu na kompyuta ya kuazima. Anataka wastani wa joto kutoka juu hadi chini kwa kila mraba wa ziwa. Anaweza kuandika kitanzi kinachopita chumba kwa chumba. Kitafanya kazi, ila kwa kila chumba Python itasimama kuuliza hiki ni kitu gani, namba nzima au ya desimali, nijumlishe vipi, niweke wapi jibu. Maswali hayo yanaulizwa mara milioni moja, na jibu ni lilelile kila mara.

Katika J, mojawapo ya lugha za safu, swali hilohilo linaandikwa hivi: +/ % #. Alama ya kwanza, +/, ni jumla. Ya mwisho, #, ni idadi. Ya kati, %, ni gawanya. Jumla gawanya kwa idadi: wastani. Ukiipa safu T yenye matabaka 30, inakurudishia ramani ya ziwa ambamo kila mraba una wastani wa maji yake yote. Ukigeuza mawazo na kutaka wastani wa kila tabaka, namba 30 tu, unaandika (+/ % #)@,"2 T. Wastani ni uleule. Kilichobadilika ni ukubwa wa kipande unachokitia mkononi kwa mara moja. Naona uzuri mkubwa katika jambo hilo. Swali kubwa kuhusu ziwa zima linakaa katika mstari mmoja, na mtu anaweza kulitazama lote bila kuinua macho, akaona kasoro yake.

Basi kwa nini tusiandike programu yote kwa J? Kwa sababu programu ina kazi nyingine nyingi ambazo si hesabu ya safu: kupokea ujumbe, kuchora kitufe, kuzungumza na simu, kumwambia mtu kwamba mtandao umekatika. Lugha za kawaida zina maktaba tele kwa hayo, na watu wengi wa kusaidia. Ndiyo maana J, ambayo msimbo wake uliachiwa wazi mwaka 2011, inakuja pia kama maktaba moja, libj.so kwenye Linux, ambayo programu yoyote inaweza kuipakia tumboni mwake. Milango yake ya kuingilia ni michache. JInit humwamsha mgeni. JSetM humkabidhi safu, na lazima useme jina lake, aina ya namba zake, ina vipimo vingapi na kila kipimo kina urefu gani. JDo humpa sentensi ya J kama maandishi, naye huitimiza. JGetM huchukua jibu. JFree humuaga.

Hapa ndipo nadharia ya visiwa inaponisaidia. Kila mlango una gharama. Ukimpa mgeni chumba kimoja cha maji, akajibu, ukampa kingine, akajibu, umelipa ushuru wa mpaka mara milioni na faida yote imekwisha; kitanzi cha Python kingekuwa kimeshamaliza. Mpe ziwa zima, mwambie sentensi nzima, mwache afanye kazi kwa sarufi yake, kisha pokea jibu zima. Programu nyingi nilizoona zikienda polepole hazikuwa na kosa katika hesabu. Zilikuwa zimekata kisiwa vipandevipande na kumlazimisha mgeni avae viambishi vya mwenyeji kwenye kila namba.

Halafu kuna suala la nani mwenye mali. JSetM hunakili namba zako kwenye kumbukumbu ya J, lakini JGetM haikupi nakala: inakuonyesha mahali jibu lilipo ndani ya J, na J ikiendelea na kazi nyingine mahali hapo panaweza kubadilika chini ya mikono yako. Lugha nyingine ya safu, BQN, iliyotolewa na Marshall Lochbaum mwaka 2020, ina mpango mwingine. Kila thamani inayotoka kwake kwenda kwenye programu ya lugha ya C ni deni, na lazima uilipe kwa bqn_free, la sivyo kumbukumbu inajaa taratibu hadi mashine inakwama saa sita usiku. Mtu anayeandika daraja kati ya lugha mbili anafanya kazi ya karani wa forodha: kujua kilichovuka, kilichobaki, na nani atakirudisha. Ni kazi isiyosifiwa na ninaiheshimu sana.

Mpangilio nao una hatari zake. Fortran huhesabu kuanzia 1, APL, lugha ya safu iliyoitangulia J, pia kwa kawaida, na J na Python huanza 0. Fortran hupanga namba safuwima kwa safuwima, J mstari kwa mstari. Ukikosea moja tu upande wa mashariki na magharibi, mraba wa Moba unaondoka majini na kupanda nchi kavu kuelekea Kirungu. Ukikosea mpangilio, kaskazini inakuwa mashariki na ziwa linalala ubavu. Kosa la pili linaonekana mara moja ukichora ramani. La kwanza halionekani kirahisi, kwa sababu ramani bado inafanana na ziwa.

Lakini kosa ninaloliogopa kuliko yote ni lile la nchi kavu. Safu huwa na umbo la mstatili, na ziwa halina umbo hilo. Vyumba vilivyo pembeni, vilivyo juu ya ardhi, lazima vijazwe kitu. Wengi huvijaza −9999, na ukisahau kuviondoa utaambiwa ziwa lina nyuzi mia kadhaa chini ya sifuri, utacheka, utarekebisha. Wengine huvijaza 0. Chukua miraba kumi karibu na pwani ya Moba, tisa ikiwa na maji ya nyuzi 26 na mmoja ukiwa nchi kavu wenye 0. Jumla ni 234. Gawanya kwa kumi: 23.4. Hilo ndilo joto la maji ya chini kabisa ya Ziwa Tanganyika, karibu sawasawa. Anayesoma jibu hilo hatashuku lolote. Atasema maji ya baridi yamepanda Moba, rutuba ipo, andaeni nyavu. Sifuri moja ya ardhi imejifanya kilindi cha ziwa.

Dawa yake inajulikana. Unatuma safu ya pili pamoja na ya kwanza, M, yenye 1 kila penye maji na 0 kila penye ardhi, na sentensi inakuwa (+/ M*T) % +/ M. Joto la majini pekee linajumlishwa, na idadi ya vyumba vya maji pekee inagawanya. Nzuri. Sasa fikiria mraba ambao wote ni nchi kavu kuanzia juu hadi chini: sifuri gawanya kwa sifuri. Python ya kawaida itakataa na kutoa kosa. NumPy, maktaba ya safu ya Python, itarudisha alama ya kusema hii si namba, na kukuonya. BQN pia itasema si namba. J itarudisha 0. APL, katika hali yake ya kawaida, itarudisha 1. Kila moja ina sababu zake na zimeandikwa wazi katika miongozo yao, hakuna anayedanganya. Ila mwenyeji aliyezoea desturi ya Python akapokea 0 kutoka kwa mgeni wake, atachora ardhi ya Moba kama maji yenye baridi ya barafu, na asijue kwamba jibu limezaliwa katika desturi ya nyumba nyingine. Ndiyo maana nasema kisiwa kiachwe na sarufi yake, lakini pwani yake ichorwe kwa uangalifu: kinachoingia kina maana gani, kinachotoka kina maana gani, na pasipo na jibu patamkwe namna gani. Mambo hayo matatu yakiandikwa pale mpakani, kwa maneno ya kawaida, mtu wa pili anaweza kuikuza programu bila kumtafuta wa kwanza.

Katika ukanda wetu mpangilio wa mwenyeji na mgeni tunao tayari, ingawa hautajwi kwa jina hilo. Katika mikutano ya utabiri wa mvua za msimu inayoandaliwa na ICPAC, kituo cha IGAD kilichoko Kenya, na ambayo majirani zetu wa Burundi na Tanzania hushiriki, programu ya CPT ya Simon Mason imetumika kwa miaka mingi. CPT imeandikwa kwa Fortran, lugha ambayo tangu toleo lake la 1990 inaweza kujumlisha safu nzima kwa alama moja. Baadaye ikatengenezwa PyCPT, ambayo ni Python kwa nje na CPT kwa ndani. Hapo mpaka ulikuwa mnene: Python iliandika data katika faili za maandishi, ikaita CPT, ikasubiri, ikasoma faili zilizotoka. Ni njia nzito, na ninaitetea. Faili unaweza kulifungua na kulisoma kwa macho. Palipo na shaka juu ya nchi kavu, shaka hiyo inakaa kwenye ukurasa.

Aliyeanzisha wazo la safu, Kenneth Iverson wa Kanada, alilibuni miaka ya 1950 huko Harvard kama maandishi ya ubaoni, ya kufundishia, kabla halijawa lugha ya mashine. Kitabu chake kilitoka mwaka 1962, APL ikawa inafanya kazi kwenye mashine za IBM kufikia 1966, na mwaka 1979 alipopewa Tuzo ya Turing alizungumzia maandishi kama chombo cha kufikiria. J aliianza mwaka 1990 akiwa na Roger Hui. Lugha hizo zote zina watumiaji wachache. Lakini mwaka 1995 Jim Hugunin aliandika maktaba ya Numeric kwa ajili ya Python, akichota mawazo ya APL na ya lugha nyingine za hesabu, na mwaka 2005 Travis Oliphant akaijenga upya kuwa NumPy. Leo wanasayansi duniani kote wanaandika reshape na ravel kila siku, na wengi wao hawajawahi kuona ukurasa wa APL. Wazo lililong'ang'ania nyumba yake lilibaki na wachache. Wazo lilelile, lilipokubali kukaa chumba cha mgeni, lilienea.

Nikiwa hapa siwezi kulifikiria hilo bila kumkumbuka Stefano Kaoze. Mtabwa huyu wa Marungu alipewa upadri Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza miongoni mwa Wakongo wa zama za ukoloni. Miaka saba kabla ya hapo alikuwa ameanza kuchapisha, katika jarida la La Revue Congolaise, makala yake juu ya saikolojia ya Wabantu. Aliiandika kwa Kifaransa. Fikra ilikuwa ya nyumbani kwake, sentensi zilikuwa za wasomaji wa Brussels, na bila sentensi hizo fikra hiyo isingewafikia. Kuna kilichopatikana na kuna kilichobaki Marungu. Nadhani Kaoze alilijua hilo vizuri kuliko wahakiki wake, na akachagua kwenda.

Kwa hiyo siwalaumu waliomweka Iverson ndani ya Python. Ninachosikitikia ni kwamba katika safari hiyo mstari mfupi umepotea. NumPy imevisha kila kitendo viambishi vya mwenyeji: nukta, mabano, axis=0, jina refu la funksheni. Hesabu ni ileile na kasi ipo, lakini swali halikai tena mbele ya jicho kwa pamoja. Ukipachika J au BQN yenyewe, sentensi yao inaingia nzima, na mtu aliyeisoma +/ % # mara moja huanza kuona wastani mahali pengi ambapo zamani aliona kitanzi tu. Ni faida ya akili, na inafaa kulipiwa ushuru wa mpaka. Gharama yake ninaikiri waziwazi: sentensi hiyo inapitia JDo kama maandishi matupu, mwenyeji hawezi kuikagua kabla ya kuituma, na ikikosewa J itarudisha namba ya kosa ambayo programu lazima iisome kila mara. Asiyetaka kuisoma asipachike.

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia majumbani Kalemie, Uvira na Bujumbura. Satelaiti zimekuwa zikipima kimo cha maji kutoka angani tangu TOPEX/Poseidon ya mwaka 1992, na mfululizo huo umeendelezwa na Jason-3 na Sentinel-6. Namba zipo wazi kwa yeyote, lakini jibu hutegemea nani anauliza. Modeli za Louvain zilijibu maswali ya waliozijenga: mpaka wa joto unayumba vipi, kwa muda gani, kwa nguvu ya upepo gani. Mvuvi wa Moba ana swali lake, na ni sahihi vilevile: katika usiku wa giza wa mwezi Juni, taa zinapowashwa, ni siku ngapi baada ya upepo kulegea ndipo dagaa huja juu upande huu wa ziwa? Kwa safu mbili, moja ya joto na moja ya samaki walioshushwa, swali hilo linaandikwa katika mistari mitatu ya J ndani ya programu ndogo ya Python. Safu ya joto inaweza kutoka kwa modeli. Ya samaki inapaswa kuandikwa hapa, bandarini, kila asubuhi, na siku ambayo mitumbwi haikutoka isiandikwe 0.